Chunga vumbi la wanyama wa makumbusho

PENGINE ulipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mlipelekwa Nairobi kwa ziara ya masomo, mkapitishwa katika Makumbusho ya Kitaifa na kuonyeshwa ndege na wanyama waliosimama kimya kana kwamba wako hai. Kuna swali moja ambalo watoto huliuliza siku zote wafikapo hapo, na ambalo mwalimu hulijibu harakaharaka ili foleni isonge mbele: mbona mnyama huyu hajaoza?

Swali hilo si la kitoto. Jibu lake linahusu afya ya watu wanaofanya kazi ya kuwatunza na kuwatengeneza upya wanyama wa kale katika majumba ya makumbusho kote ulimwenguni. Aidha, kama tutakavyoona, linaweza kuhusu afya ya mwalimu wa bayolojia katika shule ya mtoto wako, ama hata yako wewe uliyerithi ngozi na vichwa vya wanyama kutoka kwa babu.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mnyama wa makumbusho si mzoga uliojazwa nyasi, ingawa zamani ndivyo ilivyokuwa. Kilicho chake halisi kwa kawaida ni ngozi, manyoya, pembe na kwato. Macho ni ya kioo, na mara nyingi ulimi umeundwa kwa nta au plasta. Mtu aliyeleta mageuzi makubwa katika ufundi huu ni Mmarekani Carl Akeley (1864-1926), ambaye sisi Wakenya tuna sababu ya kumjua kwani mnamo 1910 nusura auawe na ndovu katika Mlima Kenya. Akeley alifinyanga kwanza umbo la mnyama kwa udongo, akionyesha kila msuli, kisha akatoa kalibu ya plasta, na kutokana na kalibu hiyo akaunda mwili mwepesi wenye uwazi ndani. Mwili huo ndio uliovikwa ngozi. Ukumbi wa wanyama wa Afrika unaoitwa kwa jina lake katika American Museum of Natural History, jijini New York, ulifunguliwa mnamo 1936, miaka 10 baada ya yeye kufariki na kuzikwa katika milima ya Virunga, nchini Kongo. Una vyumba 28 vya kioo, kila kimoja kikiwa na wanyama, mimea ya kuigiza na mandhari iliyochorwa ukutani.

Basi ngozi hizo hazikuoza kwa sababu zilitiwa chumvi, zikakaushwa na kulainishwa kwa dawa. Lakini kuoza hakukuwa adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa mdudu. Kuna nondo, wale wale wanaotoboa sweta lako la sufu, na kuna visaga wadogo ambao viwavi wao hula nywele, manyoya na ngozi kavu. Wakiachwa, huweza kumgeuza ndege mzima kuwa unga na waya katika muda mfupi.

Katika karne ya 18 matajiri wa Ulaya walikuwa wakikusanya ndege wa rangi za ajabu kwa gharama kubwa, kisha wadudu wanawamaliza. Mwuza dawa mmoja wa mji wa Metz, Ufaransa, kwa jina Jean-Baptiste Bécoeur (1718-1777), ndiye aliyepata dawa. Alichanganya aseniki, sabuni, kafuri, chumvi ya potashi na chokaa, akaipaka ngozi upande wa ndani. Ndege wake hawakuguswa na wadudu. Bécoeur aliificha siri hiyo maisha yake yote. Ilikuja kuchapishwa baada ya kifo chake, na katika karne ya 19 ikaenea kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kwa wawindaji waliotoka huko kuja Afrika. Katika maelezo yaliyochapishwa, aseniki na sabuni hutiwa kwa uzito ulio sawa. Yaani kwa kila ratili ya sabuni, ratili nzima ya sumu!

Walikuwako walioogopa. Mwingereza Charles Waterton (1782-1865) alikataa katakata kuitumia aseniki, akalowesha ngozi zake katika kileo kilichotiwa chumvi ya zebaki. Alikimbia moto akaangukia maji ya kina, kwani zebaki nayo ni sumu inayodhuru mishipa ya fahamu na mafigo. Naye John Kirk Townsend, mtaalamu wa ndege wa Marekani aliyefariki mnamo 1851, inaaminika kwamba aliuawa polepole na aseniki iliyokuwamo katika unga aliouunda mwenyewe wa kuhifadhi ndege.

Usidhani kwamba mambo haya yaliisha na karne ya 19. Baadhi ya mafundi waliendelea kutumia aseniki hadi miaka ya 1980. Ziliongezwa pia DDT na dawa nyinginezo za kuua wadudu, moja juu ya nyingine, mara nyingi bila mtu kuandika popote kilichotumika. Kwa sababu hii wataalamu wa leo wana kanuni moja: mnyama yeyote aliyekaushwa kabla ya miaka hiyo, ambaye hana rekodi, huchukuliwa kuwa ana sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Aseniki nyeupe hufanana na unga au sukari laini. Haina harufu na haina ladha ya kumshtua mtu. Kiasi cha miligramu 100 hadi 200 kinaweza kumuua mtu mzima, na hicho hakifiki hata nusu ya dawa iliyomo ndani ya kidonge kimoja cha Panadol. Isitoshe, haichakai. Dawa nyingi za wadudu huvunjikavunjika na kupoteza nguvu kadiri miaka ipitavyo, lakini aseniki ni elementi, na elementi haivunjiki. Simba aliyepakwa mwaka wa 1900 angali na sumu ile ile, na pengine leo ana hatari zaidi, kwa sababu ngozi yake imezeeka.

Utauliza, ikiwa sumu ilipakwa upande wa ndani, inamfikiaje mtu? Ngozi ni kitu kinachonywa unyevu na kuutoa. Msimu wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi hujikunja. Baada ya miaka 80 au 100 ya kufanya hivyo, mishono hufumuka, masikio hupasuka, na chembechembe nyeupe hutoka nje kupitia mishono, pembeni mwa macho na midomo, shina la mkia na kwenye nyayo. Tena baadhi ya mafundi hawakutosheka na kupaka ndani, walinyunyiza unga huo juu ya manyoya pia. Kwa hivyo vumbi unaloliona juu ya mgongo wa nyati wa kale laweza kuwa vumbi la nyumba lililochanganyika na sumu.

Mtu anayetembelea makumbusho na kutazama nyuma ya kioo hana la kuogopa. Anayekabiliwa na hatari ni yule anayeingia nyuma ya kioo: fundi, mfagiaji, mwanafunzi wa kujitolea. Aseniki haipenyi kwa urahisi katika ngozi nzima isiyo na jeraha. Njia yake kuu ni mkono kwenda mdomoni. Mtu amepangusa ndege, amekaa chini, amemega mandazi. Njia ya pili ni pumzi, hasa mtu anapotumia brashi kavu au kumpiga mnyama makofi ili vumbi litoke, jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kufikiri.

Anayemeza kiasi kikubwa kwa mara moja hupatwa na kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara maji mengi, na anaweza kufa. Huyo hupelekwa hospitali mara moja, wala asilazimishwe kutapika. Lakini kwa mafundi wa makumbusho hatari inayohofiwa zaidi ni ile ya kidogokidogo kwa miaka mingi. Ngozi ya viganja na nyayo huwa nene na yenye vidutu vigumu kama mahindi. Madoa meusi na meupe hutokea mwilini. Miguu na mikono hufa ganzi, kana kwamba mtu amevaa soksi asizoweza kuzivua. Mistari myeupe hukingama kwenye kucha. Hatimaye yaweza kuja saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu, kwani Shirika la Afya Duniani limeiweka aseniki katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Sasa turudi kwenye vyumba vya kioo. Wanyama hawa hawawezi kuachwa tu vivi hivi. Taa zilizowekwa ili waonekane vizuri ndizo zinazowachujua, hata nyati wa rangi ya kahawia akawa wa rangi ya majani makavu. Mnamo 2011 na 2012, makumbusho ya New York niliyoyataja yalitengeneza upya ukumbi wake wa wanyama wa Amerika Kaskazini, ambao ulikuwa umefunguliwa mnamo 1942. Mafundi waliingia ndani ya vyumba ambavyo vilikuwa vimefungwa kwa miaka mingi, wakafyonza vumbi, wakaziba nyufa, wakairudisha rangi ya manyoya kwa kuipuliza kidogokidogo, na taa zikabadilishwa. Ukumbi ulifunguliwa tena Oktoba 2012.

Kazi kama hiyo haianzi kwa brashi. Huanza kwa kupima. Siku hizi kuna kifaa cha eksirei chenye umbo la bastola, ambacho huelekezwa kwenye ngozi na baada ya muda mfupi huonyesha kama kuna aseniki, zebaki au risasi, bila kukata hata unywele mmoja. Kasoro yake ni kwamba husoma mahali pale tu kilipoelekezwa, na hakiwezi kuitambua DDT. Kwa hivyo fundi mwangalifu hupima mahali pengi, hasa kwenye mishono, masikio na mkia, na hata akipata jibu la “hakuna” bado huvaa glavu.

Baada ya kupima, fundi huvaa vazi la juu lisilotoka nje ya chumba cha kazi, glavu za nitrili, na maski inayokaza vizuri usoni yenye chujio la vumbi laini kabisa. Kitambaa cha kufungia pua hakitoshi. Vumbi hufyonzwa kwa mashine yenye chujio la aina hiyo hiyo, mdomo wa mashine ukiwa umefunikwa kwa wavu laini ili usinyonye manyoya. Mashine ya kawaida ya nyumbani ni mbaya kuliko kutofanya lolote, maana hulimeza vumbi upande mmoja na kulitapika hewani upande wa pili. Mahali pasipofyonzeka hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo, nayo pamba hutupwa kama taka ya sumu. Hakuna chai ndani ya chumba hicho, hakuna sigara, hakuna kujikuna pua. Nguo za kazi hazipelekwi nyumbani kufuliwa pamoja na nepi za mtoto.

Zaidi ya aseniki, yapo mengine yanayojificha humo. Rangi za kale za kupaka midomo na mandhari zaweza kuwa na risasi, na baadhi ya miili ya ndani iliundwa kwa mchanganyiko wenye asbesto, ambayo ikikatwa hutoa nyuzi zinazodhuru mapafu. Fundi asiyejua anaweza kutoboa kifua cha swara kwa drili akidhani anatoboa karatasi ngumu.

Na wadudu je, huuawaje siku hizi? Kwa baridi. Mnyama hufungwa ndani ya plastiki na kuwekwa katika friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa juma moja au mawili, na nondo pamoja na mayai yake hufa bila tone la dawa. Hili nalitaja kwa sababu katika nyumba nyingi zetu bado watu huweka naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, katikati ya nguo. Mtoto mchanga aliyerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo si ngeni Pwani na magharibi mwa Kenya, akifunikwa shuka iliyotoka katika naftalini anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu na kuwa na manjano kali. Shuka kama hizo zifuliwe na kuanikwa juani kabla hazijamgusa mtoto.

Kisa kilichotokea katika mji wa Sioux Falls, Marekani, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Mji huo ulikuwa na jumba la Delbridge, ndani ya bustani ya wanyama, lenye wanyama wapatao 150 waliokaushwa. Walikuwa wamekusanywa na mfanyabiashara mmoja mwindaji, na wakaanza kuonyeshwa hapo miaka ya 1980. Mnamo 2023 walipopimwa, karibu asilimia 80 walikutwa na aseniki. Mwezi wa Agosti mwaka huo jumba likafungwa. Kukazuka ubishi mkali: wako waliotaka wanyama hao waondolewe kabisa, na wako waliosema kwamba sumu iliyo nyuma ya kioo haimdhuru mtu.

Mimi nakubaliana na wote wawili kwa nusu. Mnyama mwenye sumu anayeweza kuguswa na mtoto hapaswi kuwapo mbele ya umma hata siku moja. Lakini kumtupa ni hasara isiyolipika. Tazama simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli na kuuawa Desemba 1898. Ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson, aliyewaua, kwa muda wa miaka 25 hivi, mpaka Field Museum ya Chicago ilipozinunua mnamo 1924 kwa dola 5,000. Zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa kingo, hivi kwamba simba wanaoonekana huko leo ni wadogo kuliko walivyokuwa walipokuwa hai. Hata hivyo, mnamo 2024 wanasayansi walitangaza kwamba katika nywele zilizonaswa kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao walipata chembe za urithi za twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa na binadamu. Tungalijuaje hayo kama mtu angaliwachoma moto?

Na huku kwetu? Kabla ya uwindaji kupigwa marufuku nchini mnamo 1977, Nairobi ilikuwa na biashara kubwa ya kukausha wanyama wa wawindaji. Mtaa wa Zimmerman ulipata jina lake kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa fundi wa kazi hiyo. Baadhi ya mabaki ya zama hizo yangalipo katika hoteli za kale, vilabu, nyumba za mashamba na kabati za shule. Katika shule niliyosomea palikuwa na korongo mmoja juu ya kabati la maabara, na adhabu ya mchelewaji ilikuwa kumpangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Tukitoka hapo tunakwenda kula. Siwezi kusema kama yule korongo alikuwa na sumu au hakuwa nayo, maana hakuna aliyewahi kumpima.

Mwalimu, ikiwa maabara yako ina ndege au mnyama wa aina hiyo, usimpe mwanafunzi kazi ya kumsafisha, wala usimpitishe darasani aguswe kwa mikono. Mweke ndani ya sanduku la kioo lililozibwa, na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba asiguswe. Ikiwa ni lazima ahamishwe, vaa glavu na maski, mfunike kwa plastiki nzito, kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya kusugulia mikono haiondoi aseniki. Sakafu ya chini yake ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kwa ufagio.

Jambo ambalo hupaswi kulifanya hata kidogo ni kumchoma mnyama huyo kwenye shimo la takataka. Moto hauiui aseniki, huigeuza moshi, nao moshi huingia mapafuni mwa anayechochea na kutua juu ya sukuma wiki ya jirani. Wala asizikwe karibu na kisima au mto. Wasiliana na wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa kwa ushauri. Pia kumbuka kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaka anayemiliki ngozi, pembe au kichwa cha mnyama wa porini awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hata kama kitu chenyewe ni cha urithi.

Tuseme basi wewe umeifanya kazi hii kwa miaka bila kujua, na sasa una wasiwasi. Nenda kwa daktari na umweleze waziwazi kazi uliyokuwa ukiifanya, kwani ganzi ya miguu inaweza kuletwa na kisukari, pombe au ukosefu wa vitamini, na hakuna daktari atakayewaza habari za korongo wa maabara asipoambiwa. Kipimo cha kawaida ni cha mkojo. Kipimo cha damu hakisaidii sana, maana aseniki huondoka katika damu baada ya muda mfupi. Kwenye mkojo huonekana kwa siku chache tu baada ya mtu kukutana nayo, hivyo ni bora mkojo uchukuliwe mwishoni mwa juma la kazi kuliko baada ya likizo ndefu.

Na kwa siku tatu au nne kabla ya kipimo, usile samaki wa baharini, kamba, kaa wala pweza. Viumbe hao wana aseniki ya aina nyingine isiyo na madhara kwa mlaji, lakini maabara ikipima jumla tu bila kutenganisha aina, majibu yatapanda juu. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu walizingatie hili zaidi, ama sivyo watarudi nyumbani na hofu waliyoletewa na chakula cha jana usiku.